Kwa nini kituo cha Amundsen-Scott kimejengwa upya?

Swali: Kituo hiki cha Marekani kwenye Ncha ya Kusini kimekaliwa mfululizo tangu 1956, kwa nini majengo yake yamebadilishwa?

Jibu: Sababu kuu ni theluji, ambayo haiyeyuki bali hurundikana mwaka hadi mwaka. Majengo ya kwanza, ambamo watu 18 walipitisha majira ya baridi ya 1957, yalifukiwa, na kuba lililozinduliwa 1975 likaanza kuelemewa vivyo hivyo. Jengo la sasa, lililozinduliwa 2008, limesimama juu ya nguzo ili upepo upite chini ukiipeperusha theluji, nalo linaweza kuinuliwa kwa jeki.

Jibu: Barafu yenyewe husogea takriban mita 10 kwa mwaka, kwa hiyo alama ya ncha huhamishwa kila Januari mosi.

Jibu: Nawastahi sana wanaobaki huko kuanzia Februari hadi Oktoba bila safari za kawaida za ndege, wakitegemea mafuta yaliyohifadhiwa kiangazi.