Sanamu ya msimulizi wa Cochiti: inafinyangwaje, na ya kalibu naitambuaje?

Mwanaudongo:
Wakuu, salaam. Nazungumzia zile sanamu za udongo ziitwazo msimulizi, za Wapueblo, Wenyeji wa Amerika wa New Mexico, Marekani: mzee amekaa, mdomo wazi, watoto wamempanda mabegani na mapajani. Mwili mkubwa namna ile unachomwaje kwenye moto wa wazi bila kupasuka, na watoto wanashikaje? Halafu mtandaoni bei zinapishana mno. Ya mkono naitambuaje kwa picha, nisiuziwe ya kalibu, yaani iliyotolewa kwenye umbo la kiwandani?

Kigae:
Karibu, mkuu. Umbo hili lina mwenyewe: Helen Cordero wa kijiji cha Cochiti alilifinyanga mwaka 1964, baada ya mkusanyaji wa sanaa za jadi Alexander Girard kumwomba sanamu kubwa zaidi yenye watoto wengi zaidi. Cochiti walishazoea sanamu ya mama anayeimba akiwa na mtoto. Cordero akamkalisha hapo babu yake, Santiago Quintana, msimulizi wa hadithi, na kumpa watoto watano. Macho yamefumbwa kwa kuwa mzee anawaza. Mdomo uko wazi kwa kuwa anaimba.

Sasa kupasuka. Mwili ni mtupu ndani. Hujengwa kwa kamba za udongo, moja juu ya nyingine, na ukuta hukwanguliwa kwa kipande cha kibuyu mpaka ulingane unene. Udongo wenyewe umechimbwa, ukakaushwa, ukalowekwa, ukatolewa mawe na mizizi, ndipo ukachanganywa na mchanga laini wa volkano. Mchanga huo ndio unaoupa mvuke njia ya kutokea. Ukiwa haba, ukuta unaruka vipande motoni. Ukizidi, kamba inakatika ukiikunja. Kipimo ni vidole vya mfinyanzi. Na lazima pawepo tundu, chini au popote pasipoonekana.

Watoto hufinyangwa mmoja mmoja, kisha hubandikwa mwili ukiwa umekauka nusu: umeshika umbo, lakini ukucha bado unaingia. Pande zote mbili huchanjwa na kupakwa tope. Mwili ukishakauka zaidi ya hapo umechelewa, maana mtoto atasinyaa juu ya kitu kilichokwisha kusinyaa, na ufa utazunguka pale alipokaa. Baada ya hapo ni kukausha polepole, siku kadhaa, huku mikono na miguu imefunikwa kwa sababu ndiyo hutangulia kukauka.

Bi Vyungu:
Kigae amemaliza ya ufinyanzi, niongeze rangi na moto.

Sanamu kavu husuguliwa kwa msasa, hupakwa tope jeupe tabaka kadhaa, na kila tabaka husuguliwa kwa kitambaa. Nyekundu ni udongo wenye chuma. Nyeusi ndiyo itakayowashangaza: inatoka kwenye mmea wa jamii moja na mgagani wetu! Majani yake huchemshwa kwa saa nyingi mpaka yawe uji mzito mweusi, ambao hukaushwa na kuwekwa akiba. Weusi huo ni kaboni, basi moto ukizidi au ukidumu mno, michoro inafifia. Tope jeupe lisiloinywa rangi hiyo nalo halifai, hata liwe jeupe kama theluji.

Kabla ya moto mkuu sanamu hupashwa taratibu, unyevu wa mwisho utoke. Kisha huwekwa juu ya wavu wa chuma, hukingwa kwa mabati au vigae, na mapande ya samadi kavu ya ng'ombe hupangwa kuizunguka. Siku ya upepo haichomwi. Kuni au samadi ikigusa sanamu huacha doa jeusi. Kuna balaa lingine linalokuja siku kadhaa baada ya kuchoma: chembe ya chokaa iliyobaki kwenye udongo hunyonya unyevu wa hewani, ikavimba na kubandua ganda dogo.

Kigae:
Kuhusu picha: omba ya chini na ya nyuma. Ya kalibu ina mstari wa mshono ubavuni na watoto wenye sura moja. Ya mkono, hakuna watoto wawili waliolingana. Chini tafuta jina la mfinyanzi na la kijiji chake. Muuzaji akiandika “mtindo wa Pueblo” bila jina la mtu, hajakwambia kwamba imetengenezwa na Mpueblo. Sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuuza kitu kwa kudanganya kuwa ni kazi ya Wenyeji wa Amerika. Mtu binafsi kwa kosa la kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini hadi dola 250,000, au vyote.

Jihadhari pia na hizi: sanamu ya kalibu iliyonunuliwa nyeupe, kisha ikachorwa kwa mkono. Neno “mkono” hapo linahusu brashi tu.

Mwanaudongo:
Shukrani sana. Ikishika vumbi, naiosha?

Bi Vyungu:
Usiioshe, mkuu. Ile ya moto wa wazi hunywa maji, na tope jeupe linaweza kubanduka. Tumia brashi laini kavu, na ukiinyanyua shika mwili kwa mikono miwili, usimshike mtoto.