Naomba ushauri: kugandisha adui kwenye Twisted Metal 2

Wakuu habari zenu. Tangu gemu hili la vita vya magari la 1996 lirudi kwenye mashine za PS4 na PS5 Julai 2023, mashabiki wa zamani wamelipokea kwa furaha, na linastahili. Ndani yake Mnara wa Eiffel bado unalipuliwa na kugeuka daraja la kupandia mapaa!

Ninapokwama ni kugandisha adui. Mfuatano wa vitufe vya mishale ni kushoto, kulia, juu, harakaharaka. Tatizo, mishale hiyohiyo ndiyo usukani. Ukibonyeza huku unakata kona, mfuatano unavurugika, shambulio halitoki, na pua ya gari inahama kwenye shabaha. Kwa Mr. Grimm, mhusika anayeendesha pikipiki, kosa hilo ni kifo: pigo lake maalumu ni kali mno, ila pikipiki haihimili makombora.

Je, mnanyoosha gari kwanza ndipo mbonyeze, au mnasimama kabisa? Na kwenye uwanja wa Antaktika, barafu inapomegeka chini ya matairi, mnafanyaje? Kuna anayependekeza kuanza na gari la Warthog kwa sababu ya uimara wake. Naomba njia isiyotegemea kitufe cha kurudisha mchezo nyuma (rewind), maana wawili wakicheza pamoja kinaharibu utamu.