Kiwanda cha mboga na matunda: kijengwe juu Lushoto au kibaki Dar?

Mwana wa Soni
Wakuu, habari zenu. Jana alfajiri nilikuwa sokoni hapa Dar kupokea mzigo. Fuso ilipakia Lushoto mchana, ikashuka kona za Soni, ikaingia mjini saa tisa usiku. Viroba kumi na vinne vya karoti, na vitatu vya chini vimeshaanza kutoa maji. Dalali akabonyeza kimoja kwa kidole gumba, akanusa kidole, akasema, "Hivi havina bei, kijana." Vile kumi na kimoja vilivyobaki bei akaipanga yeye.

Ndipo nikasema nilete swali. Milima ya Usambara inatoa mali tangu enzi za Mjerumani. Mierezi ya Shume ilishushwa kwa waya, kilomita tisa hivi, mpaka Mkumbara ikapanda treni ya Tanga. Ikaja chai. Leo ni karoti, kabichi na peasi. Kila kitu kinashuka, na faida inashuka nacho. Je, kiwanda cha kusindika kijengwe kulekule juu, au kiwe Dar waliko wanunuzi? Mimi nasema juu. Karibuni.

Fundi Mitambo
Dar. Chupa, vifuniko, maboksi, vyote vinatoka huku. Utavipandisha kona za Soni vikiwa vitupu uje uvishushe vimejaa? Dizeli hiyo analipa nani? Beringi ikifa saa nane mchana, kipuri kiko Gerezani, na fundi yuko Dar pia. Mashine inalala siku mbili, mboga zinaoza mlangoni.

Halafu tusifichane, ardhi ya kule imechoka. Miteremko inaporomoka kwa sababu wazee wenu waligoma kuchimba matuta Mwingereza alipowaelekeza. Hicho kiwanda utakilisha nini?

Binti Mlalo
Fundi, mambo ya chupa na beringi sikujibu. Hilo la wazee nakujibu.

Mpango wa matuta ulianzia kwetu Mlalo 1946, ndiyo ukaja kusambazwa milima yote. Marehemu bibi yangu alikuwa na kipande cha shamba mgongoni mwa kilima, upana wake unaweza kumtupia jiwe jirani. Akaambiwa achimbe matuta ya kukinga mteremko, na mahali penye mwinuko mkali asilime kabisa. Babu hayupo, yuko bondeni kwenye mkonge anatafuta pesa ya kodi. Kwa hiyo jembe ni la nani? La bibi, mtoto mgongoni. Usipomaliza kuna faini, na faini ikikushinda kuna lokapu. Hadi anafariki alikuwa akikuonyesha kiganja cha kulia, chini ya kidole cha kati, ngozi ngumu kama ya kisigino. Akisema, "Hili ni tuta la Mzungu."

Usiseme waligoma kama vile walikuwa wavivu. Walikuwa na ardhi finyu, nyingine imeshachukuliwa na walowezi na misitu ya serikali, halafu unawaambia wapunguze pa kulima.

Mtani wa Same
Watani zangu mnapenda kulia. Sisi Wapare tulipoletewa na Mwingereza kodi ya mbiru, ile ya kukadiria mali ya kila mtu, hatukukaa nyumbani kuangalia viganja. Mwaka 1945 watu maelfu walitoka milimani wakaenda kukaa Same bomani mpaka wakubwa wakachanganyikiwa. Na nyinyi mlipata reli mpaka Mombo 1911, mkawa karibu na bandari kuliko sisi, mkafanya nini nayo?

Binti Mlalo
Mtani, na sisi tuligoma mpaka mpango ukafa, kabla hata ya Uhuru. TANU ilipata watu wengi milimani kwetu kwa sababu ya hayo matuta. Muulize mzee yeyote wa Mlalo. Msitufanye wanyonge.

Mwalimu wa Historia
Tarehe ziwekwe sawa. Reli ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905. Huo mwaka 1911 ni wa Moshi.

Na tusiizungumze reli kana kwamba ilijengwa kwa ajili ya Msambaa. Ilifuata mashamba ya wazungu. Kwanza walijaribu kahawa Usambara ya Mashariki, miti ikaota vizuri miaka michache, kisha udongo ukawaangusha. Msitu mnene wa kule unadanganya, rutuba iko juujuu, ukiukata mvua inaondoka nayo. Mkonge ndio uliowaokoa. Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida 1893, ikapona 62 tu, na kwa hiyo 62 bonde zima likageuka mkonge. Nani aufanyie kazi? Mwaka 1907 pale Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, mwanaume alipewa kadi: siku 30 katika kila miezi minne amfanyie kazi mzungu. Watu wa aina hiyo, wakiletewa amri nyingine ya jembe miaka ya 50, walikuwa wanaijua amri ikoje.

Fundi Mitambo
Mwalimu nakuheshimu, ila udongo haujui historia. Mvua ikinyesha tope linashuka, awe amelima mtumwa au huru. Sikusema wavivu, soma vizuri nilichoandika.

Binti Mlalo
Nimesoma mara tatu. Umesema "wazee wenu". Kwa nini si "wazee wetu"? Hizo karoti si unakula?

Mwana wa Soni
Ndugu zangu, naomba turudi kwenye kiwanda.

Mtani wa Same
Kiwanda kilikuwepo juu, Mponde pale Bumbuli, cha chai. Kilifungwa 2013. Kikiwa juu kinafungwa juu. Wewe mwenyewe mwenye mada, unaishi Dar. Shamba la baba analima nani?

Mwana wa Soni
Analima mdogo wangu, na kila mwisho wa mwezi natuma pesa ya mbolea na dawa. Msimu wa peasi nachukua likizo napanda mwenyewe, nachuma kwa mikono hii, napanga kwenye tenga na majani ya mgomba chini ili zisichubuke. Nimekuja Dar kwa sababu ya kile ninachokisema hapa: kule juu hakuna kazi ya mshahara ya kumweka kijana. Usiniulize swali hilo tena, mtani.

Bwana Miti
Nilifanya kazi ya kilimo Lushoto miaka mingi, nimenyamaza nimeshindwa. Baada ya Uhuru suala la udongo lilirudi. Kuanzia 1981 kulikuwa na mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko na kuchanganya miti na mazao, Mjerumani tena, safari hii kwa msaada. Tulihimiza kupanda majani ya Guatemala kwa mistari ya kukinga mteremko, miti katikati, ng'ombe afungwe bandani. Na watu walewale, watoto wa waliogoma, walipanda. Kwa nini? Jani la Guatemala linakatwa linalishwa ng'ombe, ng'ombe anatoa maziwa na samadi, samadi inarudi kwenye kabichi. Tuta la Mwingereza lilikula shamba halikurudisha kitu mwaka huohuo. Hapo ndipo palikuwa na tofauti, Fundi. Kwa Kishambaa kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, na kuna kubana shi, kuiharibu. Mama mwenye jembe alijua ipi ni ipi kabla ya sisi wenye vyeti.

Fundi Mitambo
Mzee Bwana Miti, shikamoo. Hilo la ng'ombe sikuwa nalijua. Binti Mlalo, "wazee wetu", nimekosea.

Nina kiwanja Goba, kimeinama vibaya. Masika iliyopita mvua ilichukua kona nzima ya uzio, nimejaza viroba vya mchanga mara mbili na vimeondoka. Hayo majani yanaota Dar? Mbegu nazipata wapi?

Bwana Miti
Marahaba. Hayapandwi kwa mbegu. Unachukua bua lililokomaa, unakata vipingili vyenye macho mawili au matatu, unavilaza vimeinama kwenye mfereji mdogo uliofuata usawa wa kilima, wala si kutoka juu kwenda chini. Jicho moja libaki nje. Panda mvua zinapoanza. Joto la pwani yanalivumilia mradi yapate maji mpaka yashike.

Mwana wa Soni
Fundi, gari langu linateremka Alhamisi. Nitamwambia mdogo wangu akukatie mafungu mawili, ayafunge kwenye kiroba kibichi. Utayafuata sokoni saa tisa usiku, yakipigwa jua hayafai.

Fundi Mitambo
Saa tisa nitakuwepo.