Naomba ushauri: shule igawe vidonge vya kuzuia mimba na kondomu, au iishie kwenye somo tu?

Habari zenu wakuu. Nipo kwenye kamati ya wazazi ya sekondari moja ya serikali, na binti yangu anasoma hapo hapo. Kikao kijacho tunajadili mambo mawili: kufundisha elimu ya afya ya uzazi, na kugawa kondomu na vidonge kwenye chumba cha muuguzi.

La kwanza halinisumbui. Wapo wanaosema somo hilo linawafungua watoto macho mapema, lakini mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 unasema elimu hiyo haiharakishi vijana kuanza ngono. Na macho yenyewe simu zimeshawafungua.

Kichwa kinaniuma kwenye la pili. Vidonge vya kila siku vinataka nidhamu, tena havizuii virusi vya UKIMWI wala kisonono. Halafu muuguzi ni mmoja. Nani atampima binti presha na kumuuliza kama ana kipandauso kabla ya kumpa vidonge vyenye estrojeni (homoni ya kike)? Kwa upande mwingine, vidonge vya dharura hufanya kazi vizuri vikimezwa mapema, ndani ya saa 72 baada ya ngono isiyo na kinga, na mtoto akisubiri ruhusa ya mzazi muda unakwenda.

Baba wa binti yangu hataki hata kusikia.

Wenye watoto kwenye shule zilizokwishaanza, je, mzazi anaarifiwa au siri inabaki kwa muuguzi? Na wavulana wanahusishwaje? Maana kikao kilichopita walitajwa wasichana tu.