Babu alitoroka kazi Union Minière au aliondolewa? Naombeni ushauri, hasa wa Lubumbashi na Likasi

MwanaKatuba

Jambo wakubwa kwa wadogo. Naandika kutoka Lubumbashi, komine ya Katuba.

Kuhusu babu mzaa baba tumelelewa na maneno mawili. La kwanza linasemwa kwa fahari: alitoka kwao upande wa Kabinda, Kasai, akaja kutumika Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, akarudi kijijini kuoa, kisha akaja tena na mke wake. La pili linasemwa chinichini kwenye matanga: alitoroka kazi kwa ajili ya pombe, ndiyo maana watoto wake walikulia nje ya kambi ya wafanyakazi, bila posho wala shule ya kampuni. Baba zangu wadogo wameona haya maisha yao yote kwa sababu ya hilo neno la pili.

Baba mkubwa amefariki hivi karibuni. Kwenye sanduku lake la bati tumekuta kibuku (kijitabu) cha kazi cha babu, jalada limeliwa na mende, pamoja na kibati chenye namba kilichotobolewa tundu la kupitishia kamba. Ndani ya kibuku kuna jina lake (ukurasa mmoja limeandikwa hivi, mwingine vile), jina la kijiji, alama ya kidole gumba na mihuri ya wino wa zambarau. Kinachosomeka: aliandikwa kazi 1929, akaachishwa 1931, akaandikwa tena 1936. Mhuri wa mwisho ni wa Desemba 1941. Kando yake kuna neno la mkono, lakini maji yamelifuta.

Shangazi yangu ana zaidi ya miaka 80 na akili zake ni timamu. Baba mdogo hataki aulizwe, anasema wafu waachwe walale. Mimi nina watoto, nataka wajue walikotoka. Nianzie wapi? Na hizo tarehe zinasema nini?

Mzee wa Shituru

Mwanangu, pole na msiba. Mimi nilitumika Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière, mpaka pensheni, na baba yangu alitumika Union Minière kabla yangu, kwa hiyo hapo nina la kusema.

Anza na 1931. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilichoka kuleta watu wa miezi michache, wanakufa au wanakimbia, inaleta wengine. Ikaanza mikataba ya miaka mitatu na kuwakubali wafanyakazi waje na wake zao kambini. Babu yako aliandikwa 1929, mkataba kama huo ungemfikisha 1932. Ameachishwa 1931. Kosa si lake. Bei ya shaba ilianguka dunia nzima, migodi ikafungwa, watu kwa maelfu wakapandishwa treni kurudishwa kwao. Miaka ya katikati ya 1930 kampuni ikaanza kuandika watu tena, na yeye karudi 1936. Sasa lile neno la "alirudi kijijini kuoa" si uongo hata kidogo. Alirudishwa, na alipokuwa huko akaoa. Watu husimulia harusi, hawasimulii kufukuzwa.

Halafu Desemba 1941. Hapo nilipoisoma tarehe nimesimama kidogo. Wazee wa Likasi wote walioishi wakati ule walijua mwezi huo. Vita ya Hitler ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu na mshahara ulibaki palepale. Mgomo ukaanza huku kwetu, wakati ule Jadotville, ukafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi walikuwa wamekusanyika uwanja wa mpira, askari wakafyatua risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa anawasemea wenzake, aliuawa pale. Waliokufa ni makumi, na hesabu yenyewe inabishaniwa mpaka leo. Baada ya hapo mishahara ikapandishwa, lakini walioonekana vichwa vya mgomo walifungwa au wakarudishwa kwao.

Na jambo la posho, usilipite haraka. Nyumba ya kambi ilikwenda na kazi. Kila wiki mke alipanga mstari na kadi yake kupokea unga, mafuta, chumvi, nyama au samaki, kulingana na idadi ya watoto. Mume akifutwa leo, mnatoka na masufuria yenu. Kwa hiyo watoto kukulia nje ya kambi ni alama ya kwamba kazi ilikwisha. Sababu ya kwisha kwake haimo humo.

Kasongo_wa_Kenya

Mzee wa Shituru nakuheshimu, lakini tusimvalishe marehemu nguo ya shujaa kwa mhuri mmoja. Desemba 1941 watu waliachishwa kwa sababu nyingi: ugonjwa, ajali, mkataba kwisha. Aliyeandikwa 1936 kwa miaka mitatu, akaongeza mingine, anaweza kufika Desemba 1941 na kuondoka kwa amani. Na pombe ilikuwepo pia, jamani. Ndugu, ukienda kwa shangazi na jibu tayari mfukoni, atakupa hilohilo unalolitaka. Wazee wetu wana adabu, hawapendi kumkatalia mgeni aliyekuja na soda.

Mwalimu wa Historia

Kasongo amesema kweli na Mzee amesema kweli. Tarehe imekupa swali zuri, jibu bado.

Nafundisha sekondari hapa Lubumbashi na huwatuma wanafunzi kwa wazee wao kila mwaka. Ninachowakataza ni kuuliza "mwaka gani?" Mzee atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Uliza kwa matukio: ilikuwa kabla ya vita ya Hitler au baadaye? Mlikuwa mnakaa wapi Tshombe alipotangaza uhuru wa Katanga? (Hiyo ni Julai 1960.) Wakati wa askari wa ONU (Umoja wa Mataifa) mlikimbilia wapi? Nani alikuwa amezaliwa, nani alikuwa bado mgongoni? Ukijua mtoto yupi alikuwa mgongoni siku walipotoka kambini, umepata mwaka bila kuuliza mwaka.

Tena kumbuka shangazi yako mwaka 1941 alikuwa hajazaliwa au alikuwa mchanga. Anayoyajua ameambiwa. Muulize aliambiwa na nani, wapi, wakati gani. Neno la bibi yako jikoni na neno la shemeji kwenye matanga havina uzito mmoja. Mimi ningetaka sana kujua hilo la pombe lilitoka kinywani mwa nani mara ya kwanza.

Kuhusu karatasi. Faili za wafanyakazi wa Union Minière zilirithiwa mwaka 1967 na kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines, na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Profesa Dibwe dia Mwembu akiwa mstari wa mbele, wamezitumia miaka mingi pamoja na masimulizi ya wafanyakazi wenyewe. Pita kwanza idara ya historia ya chuo, wakuelekeze namna ya kuomba. Hicho kibati kishike vizuri: namba yake ni ya thamani kuliko jina. Makarani waliandika majina walivyosikia, kwa hiyo tafuta kwa Tsh, kwa Ch na kwa K, kwa L na kwa R. Na usitafute Kasai peke yake. Mpaka 1933 Lomami, yenye Kabinda ndani yake, ilikuwa wilaya ya Katanga, ndiyo maana karatasi za 1929 na za 1936 zinaweza kumweka mtu yuleyule kwenye majimbo mawili.

Usisahau parokia. Kitabu cha ubatizo kina majina ya wazazi na ya msimamizi, mara nyingi na mahali walipokaa. Kama mtoto mmoja alibatizwa mapema 1942, tazama kama baba ameandikwa wa kambi au wa cité, yaani mitaa ya Waafrika nje ya kambi.

Mama Ruashi

Mdogo wangu, wanaume wamekupa faili na namba. Mimi nakuambia habari ya baba yako mdogo.

Umesema babu ni wa upande wa Kabinda. Je, mwaka 1992 na 1993 familia yenu ilikuwa wapi? Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala majuma na miezi kwenye stesheni wakingoja treni, watoto wakafia hapohapo. Waliobaki walijifunza kunyamaza. Wengine walibadili hata kijiji wanachokitaja wakiulizwa. Kama baba yako mdogo ni mtu wa umri wa kulikumbuka hilo, huenda anachokiogopa si pombe ya babu. Anaogopa jina la kijiji lililomo kwenye hicho kibuku. Usimpite kwenda kwa shangazi kisirisiri. Kaa naye kwanza, mwonyeshe kibuku mkiwa wawili, mwache akishike. Na uahidi kwamba hakuna picha yake itakayoingia kwenye WhatsApp bila ruhusa yake. Hata humu, asante kwa kutolitaja jina la kijiji.

Kwa shangazi nenda asubuhi, si jioni. Msaidie kuchambua maharage, mazungumzo yatakuja. Simu irekodi akikubali, ikiwa imewekwa mezani aione.

MwanaKatuba

Aksanti sana wote. Mama Ruashi, umenigusa penyewe. Baba mdogo alikuwa Kolwezi mwaka ule.

Nimekaa naye Jumapili. Alikishika kibuku muda mrefu, akasema ruhusa ametoa, ila yeye mwenyewe awepo. Tukaenda wote kwa shangazi. Anasema aliyoyajua aliambiwa na bibi: walitolewa nyumbani kambini wakati wa mvua, bibi akiwa na mimba yake yeye shangazi, wakapokelewa na mtu wa kwao huko Kamalondo, komine ya hapa Lubumbashi. Babu hakuwa nao siku hiyo. Alirudi mtoto akiwa anatambaa. Alikuwa wapi, bibi hakusema, na shangazi hakuuliza "kwa sababu mtoto haulizi". Habari ya pombe anasema ilianza baadaye sana, kwa mtu aliyegombana na babu kwa ajili ya kiwanja. Baba mdogo alikuwa hajawahi kusikia hilo la kiwanja.

Sasa swali: huko alikokuwa karibu mwaka mzima, panaweza kupatikana?

Mwalimu wa Historia

Mvua, mimba, mwaka: vinakaa pamoja na Desemba 1941. Bado havisemi kama alifungwa, alirudishwa kijijini au alijificha. Aliyerudishwa kwao aliandikiwa karatasi na serikali, na nyaraka za utawala wa kikoloni nyingi ziko Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji, Brussels. Ila anza na faili ya kazi hapa nyumbani, kwa namba ya kibati. Lile neno lililofutika na maji huenda limeandikwa humo pia, kwenye karatasi kavu.

Mzee wa Shituru

Mwulize shangazi jina la huyo mtu wa Kamalondo. Aliyempokea mke wa mtu wakati ule alijua mume yuko wapi. Naye ana wajukuu.