Matoleo ya zamani ya plagini: yabaki au yafutwe?

Hoja: Mwenye plagini (kodi ya kuongeza kazi kwenye tovuti) ya WordPress akitoa toleo jipya, ayafute yale ya nyuma, au ayaache ili wanaotumia Composer (zana ya kuvuta pakiti za PHP) waendelee kuyavuta? Hapa Nairobi wengi wetu tunaendesha maduka ya mtandaoni ya wateja kwa plagini ya WooCommerce, basi tusemezane.

Fundi wa Kilimani: Yabaki. WPackagist, hazina inayowapa watumiaji wa Composer plagini za WordPress, husoma folda ya tags (yenye kila toleo) kwenye SVN, hifadhi ya kodi ya WordPress.org. Ukifunga toleo 3.2.1 kwenye composer.json (orodha ya pakiti za mradi), zipu inayovutwa ni ya tagi hiyo. Mwenye plagini akiifuta, `composer install` inarudi na 404 (faili haipo) na kazi yote inakwama, hata kama ulitaka tu kubadilisha rangi ya kitufe. Tena hutajua mapema: laptopu yako ina zipu ile kwenye kache (hifadhi ya muda) ya Composer, kwa hivyo kwako inakubali, seva mpya inagoma. Ukitaka ukweli, endesha `composer clear-cache`, futa vendor (folda ya pakiti zilizovutwa) na folda ya plagini, kisha install upya.

Mlinda Seva, Upper Hill: Yenye tundu la usalama linalojulikana yafutwe. Log4j 2.14.1, maktaba ya Java yenye tundu CVE-2021-44228 lililotangazwa Desemba 2021, bado inapatikana Maven Central, hazina ya pakiti za Java, kwa sababu pale kilichochapishwa hakiondolewi. Mtu ananakili pom.xml (orodha ya pakiti za mradi wa Java) ya kale na kujipachika tundu mwenyewe.

Fundi wa Kilimani: Mkuu, kufuta hakumwokoi ambaye tayari ana toleo hilo kwenye seva. Kunamzuia tu kulisimamisha pembeni alipime kabla ya kupanda. PyPI, hazina ya pakiti za Python, ina njia bora: toleo linawekewa alama kwamba limeondolewa, faili inabaki. Anayeanza leo hapewi, lakini aliyelifunga kwa == (toleo hilo hasa) analipata na pip, zana ya kuvuta pakiti hizo, inamwonya. Kufuta ovyo tulikuona Machi 2016, pakiti ya left-pad ilipoondolewa npm, hazina ya JavaScript: mistari 11 tu ya kodi, na miradi chungu nzima ikashindwa kujengeka.

Dada wa Ngong Road: Nyote wawili mnategemea hisani ya mtu mwingine. Weka zipu zako mwenyewe. Ila angalieni: kwenye Composer, hazina ya aina ya `artifact` (folda ya zipu) inataka composer.json yenye jina na toleo ndani ya kila zipu, na plagini nyingi za WordPress hazina. Composer inaziruka, halafu unaambiwa pakiti haipo huku unaiona kwenye folda. Tumia aina ya `package`: andika jina, version na dist (mahali zipu ilipo) mwenyewe, na type iwe `wordpress-plugin`, pamoja na composer/installers (pakiti inayopanga mahali pa kuweka), la sivyo inaishia vendor badala ya wp-content/plugins. Mkiwa na miradi mingi, simamisheni Satis (hazina yenu binafsi ya Composer) na muwashe `archive` ili ihifadhi zipu zenyewe, si anwani zake tu. Za kulipia, someni leseni kwanza. GPL, leseni huria, haina shida.

Mwanagenzi, Roysambu: Na toleo 4.0 likivuruga malipo, nikirudisha 3.2.1 si yameisha?

Dada wa Ngong Road: Hapana, mdogo wangu. 4.0 ikishabadilisha jedwali la hifadhidata, zipu ya zamani hairudishi chochote. Plagini nyingi huandika namba ya muundo wa jedwali kwenye wp_options, jedwali la mipangilio ya WordPress. Kodi ya 3.2.1 inakuta namba kubwa kuliko yake, inanyamaza, halafu inatafuta safu ambayo imeshabadilishwa jina.

Mlinda Seva, Upper Hill: Hapo tunakubaliana. `wp db export kabla.sql` (nakala ya hifadhidata, yaani dampu) kabla ya kupandisha toleo, na duka liwe kwenye hali ya matengenezo mpaka mmalize kupima malipo. Mkiliacha wazi, siku mtakayorudisha dampu hiyo mtafuta na oda zilizoingia katikati, na mteja aliyelipa atabaki na ujumbe wa M-Pesa bila oda.