Mama anaenda kumeza iodini ya mionzi, paka wake tumfanyeje?

BintiTanga: Wakuu, habari zenu. Mama alitolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani, sasa amepangiwa kumeza iodini ya mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Ana paka wake, Chausiku, hawaachani. Mama akila, paka yuko miguuni anangoja mifupa. Mama akilala, paka kajikunja shingoni pake, palepale penye kovu. Jirani anasema paka atakufa kwa mionzi. Mjomba anasema si kweli, mbona yeye alipigwa mionzi ya tezi dume na mbwa wake yu hai? Nimsikilize nani? Wajukuu nao wanashinda wamembeba huyo paka.

NesiMstaafu: Pole binti yangu, na mama mpe pole. Mjomba anasema kweli kwa tiba yake yeye. Mionzi ya mashine, iwe ya kobalti au LINAC (mashine inayotoa mionzi kwa umeme), mgonjwa akitoka chumbani haondoki nayo mwilini. Ya mama ni nyingine. Iodini 131 inamezwa, inazunguka na damu, na sehemu kubwa hutoka kwa mkojo siku 2 za mwanzo. Nyingine hutoka kwa mate na jasho. Nguvu yake hupungua nusu kila siku 8.

Paka hafi. Kuna nchi ambako madaktari wa mifugo huwapa paka iodini hiyohiyo kutibu tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Lakini paka mzima akilamba jasho au mate ya mama, iodini itakwenda kukaa kwenye tezi yake bure. Kinachonitia hofu zaidi ni manyoya: usiku kalala shingoni kwa mama, asubuhi yumo mikononi mwa watoto.

Mbagala_Kwetu: Mimi niliimeza kwa ajili ya rovu. Paka wangu alikuwa anaparua mlango usiku, roho inauma, lakini usifungue. Halafu kuna mifupa! Samaki aliyetafunwa na mama ana mate yake, usimtupie paka. Ndoo ya chooni ifunikeni, wangu hupenda kunywa humo. Na mama akitoka chooni amwage maji mara 2.

BintiTanga: Asanteni sana. Sasa ni kwa siku ngapi?

NesiMstaafu: Inategemea kiasi cha dawa atakachopewa, kwa hiyo tarehe atapewa na wanaomtibu. Muulizeni mtaalamu wa fizikia tiba lini aruhusiwe kukaa karibu na watoto, na paka asubiri tarehe hiyohiyo. Mtajieni paka waziwazi, msione aibu, na mseme kwamba analala naye kitanda kimoja.

BintiTanga: Basi Chausiku anakwenda kwa mama mdogo Muheza kabla mama hajasafiri. Wajukuu wameshaanza kulia, nitawapeleka nao hukohuko.